Chipukizi akipangwa safu ya kwanza, pointi zake ni zake kweli au zimetiwa hamira?

#1 Gongo_Refu

Wakuu salaam. Nakuja na uchungu kidogo, mnivumilie.

Tuko marafiki wanane, tuna ligi yetu ndogo ya kuchagua wachezaji wa NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, kabla msimu haujaanza. Kila bao na kila pasi ya bao inakuhesabia. Mimi nimeshika mkia misimu miwili, na kosa ni lilelile: naona chipukizi kafanya maajabu msimu wake wa kwanza, namkimbilia, msimu unaofuata ananyauka mkononi mwangu. Aliyeniachia kidonda ni Matty Beniers wa Seattle. Msimu wa 2022-23 alifunga mabao 24, akamaliza na pointi 57, akabeba Calder, ile tuzo ya mgeni bora wa ligi. Nikamchukua mapema kabisa, nikawaacha watu wazima wenye majina yao. Msimu wa 2023-24 akatoa pointi 37. Hata kumtaja mbele za watu naona aibu.

Tangu hapo nimekaa nikawaza, na nimefika mahali pa kusema hivi: chipukizi akishapangwa safu ya kwanza, takwimu zake zimetiwa hamira. Zimeumuka. Ukibonyeza kwa kidole zinanywea.

Hesabu yenyewe haihitaji shule. Mechi ni dakika 60. Timu ina washambuliaji 12, safu nne za watu watatu watatu. Safu ya kwanza inaweza kupata dakika 18 mpaka 20, ya nne ikaambulia 8 au 10. Ukitaka kujua nani atakuwa na pointi nyingi, huna haja ya kumjua mtu, tazama saa tu. Halafu hao hao wa safu ya kwanza ndio wanaoingia kwenye pawaplei, mpinzani akiwa na mtu kwenye kibanda cha adhabu. Na hao hao ndio wanaokuwa barafuni mwisho wa mechi mpinzani akimtoa kipa na goli kubaki wazi.

Shahidi wangu mkuu ni Michael Bunting. Msimu wa 2021-22 Toronto walimweka winga wa kushoto, senta Auston Matthews, upande wa pili Mitch Marner. Mwaka huo Matthews alifunga mabao 60 na kuchukua Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Bunting akamaliza na pointi 63, nyingi kuliko chipukizi mwingine yeyote. Na chipukizi mwenyewe ana miaka 26! Kanuni ya Calder inataka uwe hujafikisha 26 ifikapo Septemba 15, yeye kazaliwa Septemba 17. Siku mbili ndizo zilizomwokoa. Msimu uliofuata pointi 49, akaondoka Toronto, akaenda Carolina, akapelekwa Pittsburgh, kisha Nashville. Nani leo anamwita nyota?

Niambieni nimekosea wapi. Ila njooni na hoja, mahaba ya timu yaacheni mlangoni.

#2 Barafu_Moto

Yaani umefungwa na marafiki zako, unakuja kuishtaki saa ya uwanja 😂

Na ulivyomringia huyo Beniers! Nasikia mpaka picha ya wasifu ulibadilisha.

#3 Gongo_Refu

Umesikia kwa nani? Tuendelee na mada.

#4 Hesabu_Kwanza

Mkuu Gongo, umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja. Ngoja niifungue mmoja mmoja, maana kila mmoja una uzito wake.

Kuna dakika. Kuna pawaplei. Kuna wenzake alio nao. Watu wakisema "safu ya kwanza inamvimbisha" huwa wanamaanisha moja kati ya hayo bila kujua ni lipi.

Dakika peke yake ni shida nyepesi kuliko zote, kwa sababu inatibika kwa kugawanya. Chukua pointi, gawa kwa dakika alizocheza, zidisha kwa 60. Tuseme mfano wa kubuni: mmoja ana pointi 60 kwa dakika 19 kila mechi, mwingine pointi 44 kwa dakika 13, wote mechi 82, yaani msimu mzima. Wa kwanza anatoka na pointi 2.3 kwa kila dakika 60, wa pili karibu 2.5. Jedwali la wafungaji linampa wa kwanza kichwa cha habari, lakini aliyekuwa hatari zaidi kila alipokanyaga barafu ni wa pili. Kwa hiyo mtu akikuambia "pointi zake zimetokana na dakika", mjibu: sawa, tugawe tuone.

Na kuna kitu kizuri kilitokea 2024-25. Macklin Celebrini wa San Jose na Matvei Michkov wa Philadelphia walimaliza na pointi 63 kila mmoja. Celebrini alikuwa na karibu dakika 20 kila mechi. Michkov alipata kati ya 16 na 17, na kuna siku kocha John Tortorella alimkalisha benchi. Kwa hoja yako mkuu, aliyetiwa hamira hapo ni Celebrini. Lakini Celebrini aliumia mwanzoni kabisa, akakosa mechi 12, akacheza 70. Michkov alicheza 80. Zidisha sasa. Jumla ya dakika zao msimu mzima zinakaribiana mno! Ule ubishi uliotutoa povu wote, wa nani alipewa nafasi na nani alinyimwa, kumbe saa iliwatendea karibu sawa.

Pawaplei, hapo niko upande wako na sina aibu. Watano dhidi ya wanne ni mchezo mwingine kabisa. Timu ina vikosi viwili vya kazi hiyo na kile cha kwanza kinakula sehemu kubwa ya zile dakika mbili. Kumbuka 2005-06, ligi imerudi baada ya wamiliki wa timu kuwafungia wachezaji nje msimu mzima, na waamuzi wameambiwa wasiachie kitu: kila timu ilipata karibu pawaplei 6 kwa mechi, siku hizi ni kama 3. Ndio msimu Alex Ovechkin aliingia na mabao 52 na pointi 106, Sidney Crosby akaingia na 102. Katika hayo 52 ya Ovechkin, 21 ni ya pawaplei. Sisemi hakuwa Ovechkin, jamaa alipiga mashuti 425, hakuna saa inayokupigia mashuti. Nasema tu kwamba bahari ilikuwa imejaa mwaka ule.

Wenzake nawaachia wengine, mkono umechoka.

#5 KipaMstaafu

Huo mzigo wa tatu nipeni mimi, maana nimeuona kwa macho kupitia nondo za kofia.

Nimedaka miaka mingi kwenye ligi za watu wazima, zile za kucheza baada ya kazi. Hakuna aliyekuwa nyota kama Patrick Kane wala Matthews, lakini kila ligi ina mtu wake mmoja ambaye akigusa kile kisahani, ndio mpira wetu, uwanja mzima unashusha pumzi. Kwetu alikuwepo. Sasa sikilizeni kinachotokea akivuka mstari wa bluu, kuingia eneo letu.

Beki wangu wa kulia anajivuta hatua moja kumfuata. Beki wa kushoto naye nusu hatua, bila kujua. Senta wetu anarudi mbio akimwangalia yeye. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kukaa katikati, nimeshasogea kwenye nguzo ya upande wake, goti moja liko chini, jicho liko kwenye gongo lake. Watu wanne tunamtazama mtu mmoja. Halafu unasikia sauti moja tu, tak, kisahani kinapita kati ya miguu ya beki, na kule nguzo ya mbali kasimama mtu fulani, sijui hata jina lake, ameweka gongo chini barafuni kama mtu anayefagia. Kinagonga gongo, kinaingia. Mimi bado niko upande mwingine.

Yule mtu wa nguzo ya mbali ndiye mnayesema amebebwa. Ni kweli, nafasi ile kapewa. Lakini msimu uliofuata walimbadilisha, wakaweka mwingine, kijana mwepesi kuliko yeye. Pasi zikawa zinapita mbele ya nguzo, hakuna mtu. Kijana alikuwa anafika nusu sekunde baadaye, au gongo liko hewani, au amesimama mahali ambapo namuona. Kumbe kusimama pale ilikuwa kazi.

Kwa hiyo mimi siwadharau. Ila nikiulizwa nani nimlipe pesa ndefu, bado namlipa yule aliyetufanya wanne tumtazame.

#6 Dada_Senta

Kipa, hiyo "gongo kama mtu anayefagia" nimeicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Kaka Gongo, kipimo cha kweli hakiko kwenye msimu wa kwanza. Kiko siku wanapotenganishwa. Nakupa watu wawili, mmoja anakubeba, mwingine anakuzika.

Wa kukubeba: Warren Young, Pittsburgh, 1984-85. Alikuwa na miaka 29, amezunguka ligi za chini miaka na miaka. Mwaka huo Mario Lemieux akaingia ligi, akaweka pointi 100 na kuchukua Calder. Young akawa winga wake. Akafunga mabao 40! Wakamweka mpaka kwenye kikosi bora cha chipukizi, babu mzima. Detroit wakaona 40, wakamchukua kwa mkataba mnono. Bila Lemieux akafunga 22. Kisha akarudi Pittsburgh, na 40 hakuiona tena.

Wa kukuzika: Artemi Panarin, Chicago, 2015-16. Naye hakuwa mtoto, miaka 24, katoka ligi ya Urusi akiwa ameiva. Wakamweka na Artem Anisimov katikati na Patrick Kane upande wa pili. Kane mwaka huo alipata pointi 106, Hart yake, ufungaji bora wake, Mmarekani wa kwanza kuuchukua. Panarin akamaliza na 77, akabeba Calder mbele ya chipukizi mwenzake Connor McDavid, ambaye alivunjika mfupa wa mtulinga akacheza mechi 45 tu na bado akatoa pointi 48. Mnakumbuka kelele zile? Kila kona ilikuwa "huyo ni Kane". "Mtoeni kwa Kane muone."

Wakamtoa. Kiangazi cha 2017 Chicago walimpeleka Columbus, wakamrudisha Brandon Saad. Msimu wa kwanza bila Kane: pointi 82, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa Columbus aliwahi kupata kwa msimu. Wa pili: 87. Akaenda New York Rangers, akatoa 95 kwa mechi 69. Mwaka wa 2023-24 akatoa 120. Na Kane? Msimu ule wa kwanza bila Panarin alishuka kutoka 89 mpaka 76. Sasa tuambiane, nani alikuwa anamtia nani hamira?

Ungewaona Young na Panarin kwa jedwali la msimu wa kwanza tu, usingewatofautisha. Wote wakubwa kwa umri, wote pembeni ya mchawi, wote namba nzuri.

#7 Gongo_Refu

Huyo Young nilikuwa simjui! Asante dada, nimepata shahidi wa pili. Huyo Panarin tumuweke kando, ni wa aina yake.

#8 Dada_Senta

Hahaha, kaka, ushahidi haukatwi kama kitambaa, unachukua unachotaka.

Basi nikupe kingine cha kukusumbua. Panarin alipofika Columbus, senta wake mwaka ule akawa chipukizi, Pierre-Luc Dubois. Pointi 48 msimu wa kwanza, 61 wa pili. Panarin akaondoka. Dubois akapata 49 kwa mechi 70 za msimu uliokatishwa. Kwa mwendo huo angemaliza msimu mzima na kama 57. Kwa hiyo kushuka kupo, lakini ni kwa kijiko, si kwa ndoo.

#9 Ubao_wa_Kocha

Nimesoma kimya mpaka hapa. Kuna kitu mnakipita.

Mnazungumza kama safu ya kwanza ni kiti cha enzi, unakaa unahudumiwa. Safu ya kwanza ndiyo inayokutana na mabeki bora wa mpinzani. Kocha wa nyumbani ana haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji kabla mchezo haujaanzishwa, kwa hiyo kila mechi ya ugenini kocha mwenyeji anatazama nani umeingiza, kisha anakuletea beki wake mkali kuliko wote, dakika zote 20. Mgeni wa miaka 18 au 19 anakabwa na mtu wa miaka 30 anayejua kila ujanja wa gongo na nyonga. Hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu.

Tazameni Mathew Barzal. Msimu wa 2017-18, New York Islanders, alitoa pointi 85 na kuchukua Calder. Senta wa kwanza wa timu alikuwa John Tavares, aliyemaliza na 84. Mnaona? Chipukizi kampita nahodha kwa pointi moja. Lakini mabeki wakali walikuwa wanapelekwa kwa Tavares, Barzal akawa anakula kwenye kivuli. Julai 2018 Tavares akaenda Toronto. Barzal akapanda kuwa senta wa kwanza. Kwa hoja ya hamira alitakiwa aumuke. Akashuka mpaka 62.

Sitaki kudanganya, kulikuwa na sababu nyingine pia. Barry Trotz alikuja kufundisha, na timu iliyokuwa imefungwa mabao mengi kuliko zote ikageuka kuwa iliyofungwa machache kuliko zote. Mfumo ule ulibana kila mtu. Lakini hata ukiondoa hilo, ukweli unabaki: kupanda safu kulimletea maadui wapya.

Hata Panarin hapo juu. Kwa jina ile haikuwa safu ya kwanza ya Chicago. Jonathan Toews alikuwa na yake. Kocha wa timu pinzani alikuwa anakuna kichwa, beki wangu mzuri nimpeleke kwa Toews au kwa Kane? Kujificha nyuma ya safu ya kwanza kunalipa kuliko kuwa ndani yake, wakati mwingine.

Na Connor Bedard je? Mwaka wa 2023-24, miaka 18, Chicago mbovu iliyomaliza ya pili kutoka mwisho. Taylor Hall, aliyeletwa kumsaidia, aliumia goti baada ya mechi 10, msimu ukamwishia. Januari wakamvunja taya, akakosa mechi 14. Alipewa karibu dakika 20 kila anapocheza, na alimaliza na pointi 61 kwa mechi 68. Wazee walisema penye miti hapana wajenzi. Pale Chicago mjenzi alikuwepo, miti ndiyo ilikosekana. Safu ya kwanza, ndiyo. Ya nani?

#10 Mpita_Njia

Mnasumbuka bure. Teemu Selänne, 1992-93, Winnipeg, mabao 76, pointi 132 akiwa chipukizi. Alicheza dakika ngapi? Hakuna anayejali. Mkubwa ni mkubwa.

#11 Hesabu_Kwanza

Ndugu, hakuna anayejali kwa sababu hakuna anayeweza kuangalia. NHL walianza kuweka rasmi muda wa kila mchezaji barafuni 1997-98. Ya Selänne hatunayo. Tunachojua ni kwamba Phil Housley, beki, alimaliza na pointi 97 kwenye timu hiyo hiyo, na msimu wenyewe ulikuwa wa mabao mengi kila mahali. 76 inabaki 76, sijaja kuipunguza.

#12 KipaMstaafu

Ubao kauliza "safu ya kwanza ya nani". Mimi nina jibu la usiku mmoja.

Oktoba 12, 2016, Toronto wako Ottawa. Mechi ya kwanza ya Matthews. Pembeni yake Zach Hyman na William Nylander. Wote wawili kwa kanuni za ligi bado walikuwa chipukizi, hawajafikisha mechi 25 msimu uliotangulia. Safu nzima ya wageni! Hakuna mzee wa kumbeba mtu.

Alifunga manne. La pili ndilo nimelirudia mara nyingi kuliko mengine. Anapokonywa, anakipata tena, anapita katikati ya watu kama mtu anayekimbia mvua sokoni, anafika kwa Erik Karlsson, beki bora wa dunia wakati ule, anamnyang'anya, na Craig Anderson golini anajua kinakuja na bado hana la kufanya. Tafuteni humo pasi ya nyota mwenzake. Haipo. Timu yake ilifungwa 5-4 muda wa nyongeza, na Matthews akatoka akisema mfungaji wa lile bao la mwisho alikuwa mtu wake yeye wa kumlinda. Manne kwapani na bado anajilaumu.

Msimu ule alimaliza na mabao 40, na 32 kati ya hayo hayakuwa ya pawaplei. Kwa dakika zisizofika 18 kwa mechi. Gongo, huyo ungemchukua?

#13 Gongo_Refu

Huyo alichukuliwa wa kwanza na mtu mwingine kwenye ligi yetu, usinikumbushe.

Sawa, nakubali nimechanganya mambo. Dakika zigawanywe, pawaplei itengwe, wenzake watazamwe, wapinzani wahesabiwe. Lakini Bunting simwachii. Huyo hana pa kukimbilia.

#14 Dada_Senta

Hata Bunting kaka, tena kwa maneno yako mwenyewe. Ulisema wa safu ya kwanza ndio wanaoingia pawaplei. Toronto ile kikosi cha kwanza cha pawaplei kilikuwa Matthews, Marner, John Tavares, Nylander na Morgan Rielly. Bunting hayumo. Alikuwa wa kikosi cha pili, kile kinachoingia sekunde za makombo. Pointi zake nyingi zilitoka watano kwa watano, mahali pagumu.

Hilo halimfanyi awe Panarin. Alikuwa mtu wa nguzo ya mbali wa Kipa, mzuri kwa kazi hiyo. Anawavuruga mabeki, wanampiga, wanaadhibiwa. Wapiga kura wa Calder nao hawakupumbazwa na jedwali: walimpa Moritz Seider wa Detroit, beki mwenye pointi 50 aliyekuwa anacheza dakika 23 kila usiku dhidi ya wakali wa kila timu. Trevor Zegras wa pili na 61. Bunting mwenye 63 akawa wa tatu.

Kuna kitu kimoja tu nitakachokupa: pasi za mabao. Kila bao linaruhusu pasi mbili kuandikwa. Ukiwa na Matthews na Marner, unaweza kukichomoa kisahani kwenye kona, ukampa Marner, Marner akampa Matthews, ukapewa pointi kwa kazi ya kona. Pasi ya pili ndiyo yenye hamira nyingi kuliko takwimu zote. Ukitaka kumkagua chipukizi, anza kwa kuzitoa hizo.

#15 Hesabu_Kwanza

Kabla uzi haujafungwa, mkuu Gongo, nirudi kwenye kidonda chenyewe. Beniers.

Uzi mzima umejengwa juu yake na hakuna aliyemkagua. Msimu wa pili hakushushwa safu ya nne. Alibaki senta wa safu za juu za Seattle. Hakuhamishwa timu. Kama safu ya kwanza ndiyo hamira, hamira ilikuwepo misimu yote miwili. Mbona mkate ulinywea?

Tazama mashuti. Msimu ule wa mabao 24, zaidi ya 15 katika kila mashuti 100 yake yaliingia wavuni. Wastani wa ligi kwa mchezaji ni kama 10 au 11. Wapo wanaoishi juu ya 15 miaka nenda rudi, lakini ni wachache na wana mkono wa pekee. Wengine wote wanarudi chini. Alichokuwa nacho Beniers 2022-23 kilikuwa kwenye gongo lake mwenyewe na kwenye bahati ya vipa kukosa. Saa haihusiki. Umemshtaki asiyehusika.

#16 Gongo_Refu

...

Mkuu, ungeniambia hilo miaka ile.

Haya. Uchaguzi wetu ni Jumamosi. Nimeandika kwenye karatasi: nitoe pasi za pili, nitenge pawaplei, nigawe kwa dakika, niangalie asilimia ya mashuti, na nione kama kocha mpinzani anamletea beki mkali au anampuuza. Na kama yuko pembeni ya mchawi, niangalie zile mechi mchawi alipoumia. Kuna kijana mmoja wa safu ya tatu namtazama kwa mpango huu, dakika 13 kwa mechi, jina silitaji hapa hata mkinifunga kamba.

#17 Barafu_Moto

Usijali, jina nimelipata. Ulimsifia kwenye kundi letu la wanane Jumanne usiku, ukafuta baada ya dakika mbili.

Mimi nachagua wa tatu Jumamosi. Wewe wa saba. Asante kwa uzi 😂

#18 Gongo_Refu

Kumbe ni wewe!!! Naomba uzi ufungwe.